Idhini Niliyoificha

Wiki jana niliwaacha nimesimama mlangoni kwa Ghalib, Kisauni, mkono nimeuinua wa kubisha na bado sijabisha. Baadhi yenu mmenipelekea ujumbe wa kunitukana. Mwasema ni mwanamke gani huyu, anamfuata hadi kwake mume aliyempa talaka. Tukaneni tu. Mkimaliza kusoma ya leo mtakuwa na sababu nzuri zaidi.

Kwa aliyeingia sasa hivi, jina langu ni Barke. Nakaa Mtongwe, Likoni, na kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina. Nilizaa watoto watatu na wote nikawazika kabla hawajaota meno. Nilipopata wa nne, msichana, mama mkwe wangu alisema huyu tumfanyie hila ya wazee, tuyadanganye mauti yasijue kuwa ana mama. Akambeba, akamlaza jaani nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya mihogo. Jirani yetu Mwanasaumu, kama walivyokuwa wamepatana, akapita, akamwokota, akapiga kelele kuwa ameokota mtoto, mwenyewe ni nani. Mimi niko kitandani nasikia. Nikakana kama nilivyofundishwa.

Desturi yetu ni kwamba mtoto akishavuka hatari, mamake humkomboa kwa kuku na kibaba cha mchele, na mchezo huishia hapo. Mimi sikumkomboa. Arubaini ilipofika alikuwa na homa, nikaogopa. Tukasema tungoje aote meno. Tukasema tungoje atembee. Halafu nikazaa wa tano, huyo nikamweka kwangu, akafa. Na yule aliyeitwa wa Mwanasaumu alikuwa uani anafukuza kuku, mnene, hana hata mafua.

Ghalib akachoka kuchimba makaburi, akaniacha, akahamia Kisauni. Nami nikamwacha mtoto aliko. Mwanasaumu hakujaaliwa kuzaa, na mumewe, Mwinyihaji, alimpenda yule msichana tangu siku ya kwanza.

Huyo ndiye Ruwaida. Mimi ananijua kuwa mama yake wa ziwa, jirani aliyemnyonyesha kwa kuwa Mwanasaumu hakuwa na maziwa. Ijumaa hii anaolewa na Sufyan, kijana wa Kiembeni. Walii wa kumwozesha ni Mwinyihaji, ambaye kwa dini yetu hawezi, kwa kuwa hakumzaa. Ustadh niliyemwendea, sikumtajia majina, alinijibu waziwazi. Aliyelea ana thawabu zake, lakini uwalii ni wa baba mzazi, isipokuwa baba mzazi amfanye wakili wake.

Ndiyo sababu nikawa mlangoni kwa Ghalib. Sasa nikabisha.

Alifungua mwenyewe. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na mbele ya nyumba ana duka la kutengeneza pampu za maji. Hakunitambua mpaka nilipotoa salamu. Mkewe, mama mpole tu, aliniletea maji ya baridi, akaona sura zetu, akajiondokea.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Njia nzima kutoka Likoni nilikuwa napanga maneno, nikijua atakataa, nikijua atasema yeye hana mtoto Mtongwe. Hakusema hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kisha akaniuliza kama mtoto anajua.

"Hajui," nikamwambia.

"Basi asijue. Mimi niliondoka, Barke. Sikumpeleka chuoni, sikumpeleka hospitali. Leo niende nikae mbele ya watu niitwe baba? Sina uso huo. Mwambie Mwinyihaji kesho anipigie simu, nitakuwa na mashahidi wawili hapa. Nitampa idhini. Amwozeshe mwanawe."

Mwanawe. Alisema hivyo, mwanawe, akimaanisha mwana wa Mwinyihaji.

Akanisomea nambari yake ya simu, nikaiandika, nikampa na yangu, nikamshukuru. Mambo yakawa yamekwisha. Simu moja tu, maneno machache ya wanaume, na ndoa inakuwa sahihi mbele ya Mungu. Ruwaida anaozwa na baba aliyemlea, Mwanasaumu anabaki mama, hakuna anayeaibika. Mwanamke mwenye akili angesujudu shukrani palepale kizingitini.

Mimi nilitoka pale nimenuna. Wallahi, nimenuna kama mtu aliyeibiwa. Nilifika feri, nikavuka pamoja na watu, na nilipokanyaga Likoni ndipo nilipojijua. Siku zote hizo nilikuwa najiambia natafuta ndoa ya halali. Kumbe nilikuwa natafuta kisingizio. Nilitaka dini inilazimishe kusema kile ambacho sikuwahi kuwa na ushujaa wa kukisema mwenyewe, na sasa dini imenipa mlango wa kutokea, nami sikuutaka.

Nilipofika kwangu nilimkuta Mwinyihaji barazani ananingoja. Ni kuli mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache, na si mazoea yake kuja uani kwangu Mwanasaumu hayupo. Nikamsalimu, nikamletea kiti. Akakataa kukaa.

Akaniambia moyo wake hautulii. Tangu alipohudhuria darsa la mambo ya ndoa msikitini, halali usingizi. Akamwambia mkewe, mkewe akalia na kumwomba anyamaze, watu wangapi wameozesha watoto wa kulea na mbingu hazikuanguka. Lakini yeye hawezi.

"Shemeji, Ijumaa nitamshika mkono kijana wa watu niseme nimekuoza binti yangu," akasema. "Naye Mungu anajua si binti yangu wa kuzaa. Wamwozeshaje mtoto unayempenda kwa uongo? Nataka nimtafute Ghalib anipe uwakili. Wajua aliko?"

Simu yangu nilikuwa nayo mkononi. Nambari ilikuwa humo, haijamaliza hata nusu ya siku.

"Sijui," nikamwambia. "Nasikia alihama Kisauni zamani. Wengine wasema yuko Malindi, wengine wasema Tanga."

Haya, sasa nitukaneni.

Sikuteleza ulimi. Nilifikiri, nikachagua, nikasema. Tena nilisema kwa sauti ya huruma, na yule mzee akaniitikia kwa kichwa akinihurumia mimi, kwa kuwa mume wangu wa zamani hajulikani aliko.

 Akasema basi hakuna budi, mtoto aambiwe, waende kwa kadhi wakaeleze kwamba baba mzazi hajulikani alipo, kadhi ndiye amwozeshe. Kisha akaniomba jambo ambalo hata kuota sikuwahi kuliota.

"Umwambie wewe. Kesho, utakapompaka hina. Wewe ndiye uliyemzaa, una haki. Mimi nikimwambia nitalia, na nikilia atafikiri simtaki. Mwanasaumu nitamtuliza mimi."

Akanishukuru, na akaniombea Mungu anipe maneno mazuri. Alipokuwa anavuka ua kurudi kwake niliona amevaa kandambili za Ruwaida, zile za rangi ya waridi, mguu wake umetokeza nyuma. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nikakoroga hina.

Alhamisi nyumba ya Mwanasaumu ilijaa wanawake. Wengine wanakuna nazi, wengine wanachambua mchele, wengine hawana kazi ila kupiga vigelegele. Jioni wanawake wa Kiembeni walikuwa waje kuleta begi la bibi harusi, lenye nguo alizonunuliwa na Sufyan, na Mwanasaumu alikuwa mbio jikoni tangu alfajiri, macho mekundu, akisingizia vitunguu. Alijua. Mwinyihaji alikuwa amemwambia. Alinipa kikombe cha chai bila kunitazama, akasema tu, polepole, nimpake vizuri.

Ukipaka hina, watu hukuachia chumba. Nikabaki na Ruwaida peke yetu, amekaa mkekani, mgongo ameegemeza kitandani, miguu ameninyoshea. Ni mwalimu wa chekechea. Kutwa anashinda na watoto wa watu, na ana ile sauti ya kukusemesha taratibu kama vile una miaka minne.

Nilianza na miguu. Nikaja mkono wa kushoto, nikaja wa kulia, hadi kwenye viwiko. Ningeweza kumwambia tangu mwanzo. Nilingoja mpaka mikono na miguu yote imejaa hina mbichi, na nataka mlijue hilo, kwa sababu kila mwanamke wa Pwani anajua. Mwenye hina mbichi haendi popote. Hashiki kitu, hasimami, hajifuti machozi.

Yeye ndiye aliyeanza kuzungumza. Akaniuliza kama baba yake ameudhika. Tangu jana hamtazami. Alimpelekea kanzu aliyomnunulia ya kuvaa Ijumaa, baba akaipokea akaiweka juu ya kabati, hata kuijaribu hakuijaribu. Akasema labda Sufyan hampendezi, na kama hampendezi ni afadhali aseme sasa.

"Mama Barke, wewe watu wanakwambia mambo. Amekwambia nini?"

Nikaiweka chini koni ya hina. Nikasema, "Ruwaida."

"Abee."

"Mwinyihaji si babako wa kuzaa. Wala Mwanasaumu si mamako wa kuzaa. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Niliyasema kwa mpigo mmoja, kisha nikamweleza yote. Nikamweleza wale watatu waliotangulia, nikamweleza jaa, nikamweleza kuku ambaye sikumnunua. Nikamwambia nilivyokuwa navuka ua kwenda kumnyonyesha huku namwita mtoto wa Mwanasaumu, na maziwa yakinijaa usiku nikiwa kwangu peke yangu nayakamua bakulini. Nilisema nilimpenda. Hilo sikuwahi kulitamka, na lilinitoka vibaya, nusu kilio.

Hakulia. Alinitazama, mikono ameiinua mbele yake vidole vimeachana, na uso wake ukawa ule wa mwalimu anayemsikiliza mtoto aliyefanya kosa.

"Kwa hivyo nyote mlijua," akasema.

"Wakubwa tulijua."

"Na Mama anajua unaniambia?"

Nilidhani ananiita mimi. Kwa dakika moja nilidhani ananiita mimi, kisha nikaona anatazama upande wa jikoni.

"Anajua," nikasema.

"Kesho naolewa. Umekaa na jambo hili maisha yangu yote, hapo tu, ukuta wa pili. Kwa nini leo?"

Nikamweleza habari ya walii. Nikamwambia bila baba mzazi ndoa haitasimama, na baba mzazi hajulikani alipo, kwa hivyo ilibidi ajue ili waende kwa kadhi. Nikaongeza kwamba roho iliniuma sana, lakini nimelazimika.

"Hakuna njia nyingine?" akaniuliza. "Ningeweza nisijue, na nikaolewa sawasawa?"

"Hakuna," nikasema.

Hapo simu yangu ikalia.

Sisi wapaka hina tuna mazoea yetu. Vidole vimechafuka kutwa, kwa hivyo simu huiweka chini kando ya bakuli, na ikilia unaigusa kwa kifundo cha mkono na inasema kwa sauti kubwa, chumba kizima kinasikia. Nimefanya hivyo kwa miaka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kabla macho hayajasoma jina.

"Barke, kulikoni? Nina mashahidi wangu hapa tangu asubuhi, na Mwinyihaji hajanipigia. Si nilikwambia jana nimekubali? Au hukumfikishia?"

Niliinua mkono niikate. Ruwaida akasema, bila kupandisha sauti, nisiiguse. Akainama mbele hadi uso wake ukawa juu ya simu, mikono bado ameiweka hewani.

"Wewe ndiye Ghalib?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Ruwaida."

 Nyuma ya Ghalib kulisikika mtu anagonga chuma dukani, kisha kugonga kukaacha.

"Sema tena," Ghalib akasema.

"Niseme nini?"

"Jina lako. Sema tena."

Akalisema tena. Ghalib alivuta pumzi, akasema neno kwa mtu aliyekuwa naye, akasema sauti hiyo ni ya marehemu mamake, haki ya Mungu ni sauti ile ile. Alipoturudia alikuwa amebadilika.

"Mwanangu, mimi nilikubali kumpa mtu uwakili kwa sababu niliambiwa hujui. Nilisema heri nisikutibulie mambo yako. Sasa unajua. Basi sitampa mtu uwakili. Nitakuozesha mwenyewe, kwa mkono wangu. Nakuja. Natoka sasa hivi."

Ikakatika.

Nilipoinua kichwa Mwinyihaji alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Pengine alikuja kusikiliza kama mtoto analia, aingie ambembeleze.

"Jana uliniambia hujui aliko," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umetoka kwake."

Nikaitikia kwa kichwa. Ningefurahi kama angenitukana. Alifikiri kidogo, akijumlisha mambo taratibu, mtu mzima anayetaka kuwa na hakika kabla hajamdhania mwenzake vibaya.

"Kwa hivyo hakukuwa na haja," akasema. "Angeolewa tu. Angeolewa, na asingejua."

Akageuka, akamwambia mkewe, aliyekuwa amefika nyuma yake na mikono imejaa machicha ya nazi, aiteremshe ile kanzu kabatini aikunje vizuri. Mwenye mtoto anakuja mwenyewe, akasema, na mtu haendi kukalia kiti cha mtu. Kisha akatoka akaenda zake uani.

Nilimngoja Mwanasaumu anirukie. Nilimtaka anirukie. Yeye alinipita. Alikuwa ameona kitu ambacho mimi, fundi wa hina, sikukiona: mikono ya Ruwaida ilikuwa inatetemeka, na maua niliyoyachora asubuhi nzima yalikuwa yameanza kutambaa na kuingiana. Akajifuta machicha kwenye leso, akakaa chini, akamshika mtoto chini ya viwiko, akachukua kipepeo cha ukili akaanza kumpepea.

"Usitikisike, mama," akamwambia. "Itaharibika."

Machozi yanamtoka, na mkono haukuacha kupepea. Ruwaida akamlaza kichwa begani. Hapo ndipo alipolia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na bakuli langu mapajani, na sikuwa na kazi yoyote katika chumba kile.

Nilifikiri nikimwambia ukweli nitapata mtoto. Kumbe nilichofanya ni kumnyang'anya babake, siku moja kabla ya harusi yake, na mwenyewe hakuna alichonikosea. Mwinyihaji alimbeba mgongoni kwenda hospitali mvua ikinyesha, wakati mimi niko dirishani natazama, naogopa kumgusa nisimletee kifo. Mwinyihaji ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Kesho angesimama amwozeshe, na ingekuwa halali, na ingekuwa haki. Nilikuwa na idhini hiyo mkononi nikaikalia.

Wanawake uani walikuwa wamenyamaza. Habari ilikuwa imeshawafikia, hujui hufikaje. Mmoja akaja kuuliza kwa kunong'ona kama watu wa Kiembeni wapigiwe simu wasilete begi. Ruwaida akainua kichwa.

"Waje," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Baba ndiye atakayeniozesha. Kama si yeye, begi litarudi nao."

Mwanasaumu akamwambia asiseme hivyo, Sufyan amekosa nini, na dini ni dini, aliyezaa ana haki yake. Ruwaida akamjibu kwa upole kwamba haki hiyo mwenyewe alishaitoa jana, na aliyeizuia yuko hapa.

"Mama Barke," akaniita. Bado aliniita hivyo, na sijui kama lilikuwa jambo jema au baya. "Jana ulimpata kwa maneno yako. Akija, mtoe kwa maneno yako. Atoe idhini kwa Baba, kisha aende zake. Mimi nitamtafuta siku yangu nikitaka."

"Nitamwambiaje, mwanangu? Ameshasikia sauti yako."

"Sijui utamwambiaje. Kusema na watu wajua kuliko mimi." Akaitazama mikono yake iliyoharibika. "Umesema wewe ni mama yangu. Basi nifanyie hili. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli. Hakuwahi kuniomba kitu, hata maji.

Nilinawa mikono, hina ikabaki kwenye kucha. Nikatoka nikakaa ukumbini kwenye kibao, nikiutazama mlango wa mbele. Mwinyihaji nilimwona kupitia dirisha la nyuma, ameinama uani, anaokota vifuu vya nazi kimoja kimoja anavitupa katika ndoo, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alasiri ikaadhiniwa. Alikwenda kusali, akarudi, akaendelea na vifuu vyake.

Nikajaribu kupanga la kumwambia Ghalib. Ningemwambia mtoto hamtaki? Uongo, hakusema hivyo. Ningemwambia Mwinyihaji ameudhika? Ghalib angesema atakwenda kumwomba radhi. Kila uongo niliouchukua niliuona una tundu. Na ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wote, kwa sababu ukweli ulikuwa habari yangu mimi.

Hodi ikapigwa.

Nikaenda nikafungua. Ghalib alikuwa amevaa kanzu nyeupe mpya, kofia ya kiua, amenyoa, ananukia udi. Mkononi ana pakiti ya halua. Na nyuma yake walisimama vijana wawili warefu, mmoja bado ana masizi ya duka shingoni, wote wawili wanatabasamu kwa haya.

"Hawa ni nduguze," akasema. "Hawakujua kama wana dada. Nimewaambia kwenye gari, mmoja alilia hadi feri." Yule mwenye masizi akainamisha kichwa akicheka. Ghalib akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hata tulipokuwa mke na mume hakulifanya mbele za watu. "Mungu akujaze kheri, Barke. Ungeninyamazia ningekufa sijaisikia sauti yake. Nilikukosea zamani, na wewe umenilipa wema. Yuko chumba gani?"

 Nyuma yangu nilisikia kipepeo cha Mwanasaumu kikiacha kupepea.

"Ghalib," nikasema, "kabla hujaingia, kuna jambo nimefanya."

"Utaniambia. Nipishe kwanza nimwone mwanangu."

Sikumpisha.